Uliza Mpiga Picha: "Nataka kupiga sura za watu wa Kigoma, nianzie wapi?"

Safari hii barua nyingi zimetoka Kigoma, na karibu zote zinauliza kuhusu potreti, kwahiyo ukurasa wote nimewapa watu wa ziwani. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua wapo wengi wenye swali hilohilo ila hawajaandika.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma mjini, nina kamera ya mtumba na lenzi mbili, napiga harusi na sendofu ndio zinanilisha. Saivi nataka nifanye projekti yangu mwenyewe ya potreti, picha kama 20 hivi za watu wa Kigoma, alafu nizionyeshe hapahapa mjini hata kama ni kwenye ukumbi wa shule. Shida kila siku nashinda Instagram na Pinterest nasevu picha mpaka simu imejaa, leo naipenda staili ya nyeusi na nyeupe, kesho naona mtu kapiga na taa za rangi naipenda nayo, na nani wa kumpiga ndio sijui kabisa, wavuvi, wazee au kinamama wa sokoni. Nifanyeje utafiti wangu uwe wa maana? – Kijana wa Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hapo mwisho, nani wa kumpiga, maana hapo ndipo panaamua yote mengine. Wewe umetafuta staili kwanza ukitegemea mtu atapatikana baadae, mimi nakwambia geuza. Staili inatoka kwa mtu unaempiga na kwenye kile unachotaka kujua juu yake. Ukisema "watu wa Kigoma" bado hujasema kitu, kuna mvuvi wa mwalo wa Kibirizi, kuna mama anaekamua mawese kijijini, kuna mstaafu wa reli, kuna fundi cherehani anaeshona vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo, hao wote ukiwatia kwenye picha 20 kila mmoja atapata picha nne tano na mtazamaji atatoka hajamjua hata mmoja. Chagua kundi moja dogo. Na kipimo changu ni hiki, wawe watu unaoweza kuwafikia kwa miguu kila wiki bila kuomba nauli, kwa sababu utarudi kwao mara nyingi kuliko unavyodhani, na wawe watu ambao kweli una swali nao, yani kitu ambacho ukikaa nao unataka kuuliza hata kama kamera umeiacha nyumbani.

Mwangalie J.D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria (1930–2014). Kuanzia mwaka 1968 alianza kupiga mitindo ya nywele za wanawake, misuko na vilemba, akaendelea nayo miaka na miaka mpaka ikawa karibu picha elfu moja. Nyingi kampiga mtu kwa nyuma, sura huioni kabisa! Bakigraundi haina kitu, nyeusi na nyeupe, basi. Ila ukizitazama kwa pamoja unaiona Nigeria nzima inavyobadilika, na aliyepiga alikuwa na somo moja tu, nywele. Jiulize kwa nini asingeongeza na viatu na nguo na magari. Kwa sababu alijua anatafuta nini.

Sasa Kigoma. Ungekuwa unaniuliza mimi ningekwambia nenda Kibirizi kwa kinamama wanaoanika dagaa, au kwa mafundi wanaotengeneza maboti ya mbao. Wavuvi nao wazuri sana ila wana ratiba yao na lazima uijue, hii nayo ni sehemu ya utafiti na watu wengi wanairuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwahiyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri na wengi wanapumzika nchi kavu, wanashona nyavu, wananyoa, wanakaa na watoto. Siku hizo ndio za kwenda. Ukienda asubuhi ya giza la mwezi utamkuta mtu hajalala usiku kucha anapakua mzigo, na wewe unamwambia simama hapa nikupige, atakuona huna adabu na atakuwa sawa. Na ufuatilie pia kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, vipindi kama hivyo mwalo wote unabadilika sura na mtu ana muda wa kukaa na kuongea.

Baada ya kujua nani, ndio sasa uje kwenye staili. Hapa acha kusevu, anza kuchambua. Chukua picha chache tu, kumi zinatosha, moja moja, na daftari. Kila picha iulize, mwanga unatoka wapi? Tazama kwenye mboni za macho, kile kidoa cheupe kinakuambia, kikiwa cha mraba upande mmoja ni dirisha, kikiwa juu kabisa ni anga au taa ya juu, kikiwa katikati ya mboni ni flashi ya kwenye kamera. Kamera ilikuwa kimo gani, usawa wa macho, kifua, au chini inamtukuza mtu? Mikono iko wapi? Mikono usiipite haraka, kwa mtu wa kazi mikono inasema mapema kuliko mdomo. Nyuma yake kumeachwa nini na kumeondolewa nini? Na mpiga picha alisimama mbali kiasi gani, hilo utalijua kwa pua na masikio, pua ikionekana kubwa na masikio yamekimbilia nyuma ujue alikuwa karibu mno na lenzi pana. Ukishaandika hayo mchukue rafiki yako umpige hivohivo, ukiweza kuirudia ujue umeielewa, ukishindwa rudi uangalie tena.

Na kuna watu wawili nataka uwaweke pembeni kwa pembeni maana wote wamepiga watu wa kazi kama unavyotaka wewe, ila njia zao ni mbali kabisa. Mmoja ni August Sander, Mjerumani (1876–1964). Alitaka kuandika jamii yake yote kwa sura za watu, mkulima, mwashi, mpishi wa keki, wakili, mtu asiye na kazi, na mwaka 1929 akatoa kitabu cha picha 60 kama sehemu ya kwanza ya kazi hiyo. Serikali ya Wanazi haikukipenda, mwaka 1936 sahani za kuchapia kitabu hicho zikaharibiwa. Sander alimwacha mtu palepale anapoishi au kufanyia kazi, yule mpishi wa keki yuko jikoni na bakuli lake, amesimama wima anakuangalia moja kwa moja, na chini imeandikwa kazi yake tu bila jina. Mwingine ni Irving Penn, Mmarekani, mwaka 1950 na 1951 aliwapiga mafundi na wachuuzi wa Paris, London na New York, muuza samaki, mfagia chimni, muuza mboga. Yeye kinyume chake aliwaita waje studio na nguo zao za kazi na vifaa vyao mkononi, akawasimamisha mbele ya pazia kuukuu la rangi ya kijivu, kwa mwanga wa dirishani. Sokoni kumeondoka, kelele zimeondoka, kimebaki mtu, aproni yake na kisu chake, na ghafla muuza samaki ana heshima ya mfalme.

Hilo ndilo swali lako la staili, hayo ya taa za rangi au nyeusi na nyeupe yatakuja baadae. Unamwacha mama wa dagaa pale kwenye chanja zake na jua na kunguru, au unamtoa unamweka mbele ya turubai tupu? Ukimwacha utaeleza kazi, ukimtoa utaeleza yeye. Mimi naegemea kwa Penn kwa Kibirizi, na nitasema kwa nini, picha za mwalo wenye dagaa wamelala chini wanameremeta ziko nyingi, wageni wamepiga, watalii wamepiga, na karibu zote mama ni kitu kidogo kwa nyuma ameinama. Kumsimamisha mbele ya turubai ni kumwambia leo mimi nimekuja kwako. Ila jaribu zote mbili kwa watu watatu kabla hujaamua, piga mtu yuleyule mara ya kwanza kwenye chanja, mara ya pili kwenye turubai, na uwaonyeshe wenyewe wakuambie.

Ukitaka mwalimu wa karibu zaidi na maisha yetu, kaa na Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio nyumbani mwaka 1948, karibu na stesheni ya treni, na abiria ndio walikuwa sehemu ya wateja wake, fikiria hilo wewe uliekulia mji ambao reli ya kati inaishia, reli iliyofika hapo tangu 1914. Bakigraundi yake ya kwanza ilikuwa shuka lake la kitandani. Alikuwa akibadilisha kitambaa cha nyuma kila baada ya miaka miwili mitatu, na baadae ndio akatumia vitambaa hivohivo kujua picha ipi ni ya mwaka gani. Mwanga wa jua tu, uani. Na kwa sababu filimu ni ghali mara nyingi alipiga picha moja kwa mteja, kwahiyo kazi yote ilikuwa kabla ya kubonyeza, kumkalisha, kugeuza bega, kupanga mikono, redio, saa, kalamu mfukoni, miwani. Vitambaa vya maua mbele ya kitambaa cha maua na bado mtu anaonekana! Na nyie mna vitenge vya kila rangi hapo, sioni sababu ya mtu kununua bakigraundi ya plastiki.

Jambo la mwisho kwenye barua yako, usiishie kwa watu wa mbali. Nenda Ujiji, nenda kwa wazee, omba kwa adabu wakufungulie maalbamu. Wengi wana picha za studio za zamani, bwana na bibi harusi wamesimama mbele ya pazia lililochorwa, mtu kashika simu ya mezani ambayo haijaunganishwa popote, kijana na baiskeli mpya. Kwetu pwani studio zimekuwepo siku nyingi, Zanzibar Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930, na bara nako kila mji ulikuwa na wake. Waulize wenye picha, alipiga nani, walivaa nini na kwa nini, nani aliamua pozi. Hizo habari hakuna simu itakayokupa, na mzee akiondoka zimeondoka. Ukipewa ruhusa zipige nakala hapohapo, usizitoe ndani ya nyumba yao. Ujiji wageni wanakwenda kupiga mnara wa Livingstone na Stanley waliokutana hapo 1871 alafu wanaondoka zao, sura za watu wa Ujiji wenyewe ni kazi inayowasubiri nyie.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dada wa Ujiji, nasoma chuo ila likizo niko nyumbani. Nataka kupiga mabibi waliovaa vitenge na kanga vizuri, hasa wa mtaani kwetu. Wengine wanakataa, wengine wanasema mnakwenda kuziuza Ulaya, na bibi yangu mwenyewe kaniambia picha za wazee si za kuchezea. Kuna mtu kanishauri nitumie lenzi ndefu niwapige kwa mbali bila wao kujua. Ni sawa? – Dada wa Ujiji

JIBU: Hapana dada yangu, si sawa, na huyo aliekushauri usimsikilize kwenye hili. Potreti ni kitu cha watu wawili. Ukimpiga kwa kuvizia umepata picha ya uso lakini hukupata alichokubali kukupa, na kwa bibi wa mtaani kwako kesho utampita dirishani kwake na salamu itakuwa nzito.

Na hilo la "mnakwenda kuziuza" usilione ni ushamba. Wana haki ya kuuliza. Ile picha maarufu ya mama mkimbia njaa wa Marekani aliyepigwa na Dorothea Lange mwaka 1936 akiwa na watoto wake, dunia nzima iliiona, ila mwenyewe Florence Owens Thompson jina lake lilikuja kujulikana 1978, na alisema wazi kuwa ilimuumiza, hakupata hata senti. Yule binti wa Afghanistan mwenye macho ya kijani aliyepigwa na Steve McCurry kwenye kambi ya wakimbizi Pakistan mwaka 1984, akatoka kwenye jalada la National Geographic mwaka uliofuata, jina lake Sharbat Gula halikujulikana mpaka alipotafutwa akapatikana 2002. Uso ulizunguka dunia, mwenye uso hakujua. Mabibi wa Ujiji hawajasoma hizo habari lakini wanajua jambo hilohilo.

Kwahiyo fanya hivi, anza na bibi yako. Yeye kwanza. Mwambie achague mwenyewe nguo, kiti, na anataka akae na nani. Ikitoka vizuri kaisafishe studio, ile ya karatasi sio ya kwenye simu, umletee, aitundike sebuleni. Wenzake watakuja kunywa chai wataiona, na hapo mlango umefunguka bila wewe kuomba. Siku ya kwanza kwa bibi mwingine usiende na kamera, nenda na salamu, kaa, sikiliza, ukiulizwa sema ukweli wote, picha zitaonekana wapi, nani ataziona, kama utapata hela au hupati. Mwenye kusema hapana msiendelee kumbembeleza. Na mwenye kusema ndio leo akisema hapana kesho, ifute.

Kuna na sheria pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake, kwahiyo ridhaa iandike japo kwa sentensi mbili za Kiswahili chepesi, asiyesoma msomee mbele ya mtoto wake au jirani. Kwa watoto mzazi au mlezi ndio anaeridhia. Na stesheni, bandarini na kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu usiende kupiga kabla hujapata kibali, hapo hakuna mjadala.

SWALI: Mambo vipi, mimi sina kamera natumia simu, nikipiga watu weusi kama sisi sura zinatoka giza au zinatoka kama zimepakwa unga. Nifanyeje? – Msomaji wa Gungu

JIBU: Poa. Tatizo si ngozi. Kamera inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani, ukimweka mtu mbele ya ukuta mweupe au ziwa linalong'aa inaona mwanga mwingi inapunguza, uso unazama. Ukimweka mbele ya giza inaongeza, uso unapauka. Na vyombo vyenyewe havikutengenezwa vikitufikiria sisi, kwa miongo mingi kadi za Kodak ambazo maabara zilitumia kurekebisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu kama ndio kipimo.

Gusa uso kwenye skrini alafu telezesha kidole upandishe au ushushe mwanga mpaka ngozi iwe kama unavyoiona kwa macho yako, usijali nyuma kukiungua kidogo, yani kukiwa kweupe mno. Zima ile programu ya kulainisha na kung'arisha ngozi, hiyo ndio unga wenyewe. Alafu tafuta mlango. Mweke mtu ndani kidogo ya kizingiti, anatazama nje, chumba nyuma yake ni cheusi, mwanga wa anga unamwagika usoni wote taratibu, ngozi nyeusi inang'aa kwenye paji na mashavu bila flashi yoyote. Jua la saa sita mchana likwepe, linachimba macho. Kigoma mna bahati moja, mji unatazama magharibi, jioni jua likielekea upande wa Kongo linakuja chini chini kutoka ziwani, mgeuze mtu alitazame ziwa kwa pembeni kidogo, sio moja kwa moja atakunja macho. Kanga nyeupe au kipande cha boksi jeupe kikishikwa upande wa kivuli kinatosha kurudisha mwanga.

Na usimkaribie sana kwa lenzi ya kawaida ya simu, ni pana, inavuta pua. Rudi nyuma kama hatua mbili, tumia ile lenzi ya kuvuta mara mbili (2x) kama simu yako inayo, kama haina piga kwa mbali ukate baadae.

SWALI: Nikiiga pozi na bakigraundi ya Keïta au Malick Sidibé ni wizi? Na nikipiga mtu Kibirizi picha ni yangu au yake? Tena je nimlipe? – Bila jina, Kigoma

JIBU: Staili haina mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yenyewe, ile picha, hailindi wazo la kumweka mtu mbele ya kitambaa cha maua. Sidibé mwenyewe, mpiga picha wa Mali kama Keïta, alijenga jina kwa vijana wa Bamako waliokuwa wakicheza muziki usiku, mwaka 2007 akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote, Mwafrika wa kwanza kupewa, na wapiga picha wengi sana wamejifunza kwake. Kujifunzia iga kabisa, tena iga kwa makini. Ukifika kwenye maonyesho sema umejifunza kwa nani, na hakikisha kitenge, kiti na mtu ni vya Kigoma.

Picha uliyopiga kwa hiari yako hakimiliki ni yako, uso ni wake, ndio maana ya ile ridhaa niliyomwandikia dada wa Ujiji hapo juu. Ukitaka kuiuza kwa tangazo rudi kwake muongee upya, hayo si makubaliano yaleyale.

Kuhusu kulipa, mimi simlipi mtu ili akae pozi, ila mtu wa biashara ukimsimamisha saa nzima umemla saa nzima, kwahiyo nunua dagaa wake, au fidia muda muelewane mapema. Nakala ya karatasi mpe kila mtu bila ubishi, na mpelekee mwenyewe kwa mkono, usimtume bodaboda. Wengi hapo ndipo watakuambia habari ambayo siku ya kupiga hawakuisema, kwahiyo daftari uwe nalo.

*Maswali ya toleo lijalo tutayachukua ya watu wa Tabora, hasa wale walioandika kuhusu kupiga warina asali. Andikeni majina ya mitaa tu kama hamtaki kujulikana.*